Unataka kuingia benchi la ufundi la basketi chuoni Marekani? Tafuta kazi isiyo na mwenyewe

Kuna meseji nazipata kila mara kutoka kwa madogo wanaosoma Marekani, Wabongo, Wakenya, wachache Wakongo waliokulia kulekule, na swali lao linafanana: bro, mi kucheza timu ya chuo sijafikia levo hiyo ila basketi naipenda kufa, naingiaje kwenye ukocha? Halafu kuna wengine wako huku nyumbani wanafundisha timu za vyuo, wao wanauliza hivi vyuo vidogo vya kule vinashindaje na hela hawana. Nimejibu inbox mpaka nimechoka, na majibu yangu kwa wote ni karibu yaleyale, so ngoja niyaweke hapa.

Mi nilikuwa meneja mwanafunzi wa timu ya wanaume kwenye chuo kimoja kidogo Midwest, Divisheni ya Tatu. Kwa asiyejua, NCAA, yaani chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ina divisheni tatu, na hii ya tatu ndo ina vyuo vingi kuliko zote, vinazidi 400, na hairuhusiwi kumpa mchezaji skolaship ya michezo hata senti. Jina la umeneja nalo lisikupe kichwa. Unajaza chupa za maji, unafua jezi, unafuta jasho sakafuni, unashika saa mazoezini, unapanda juu na kamera kurekodi. Ila timu yetu ilikuwa inashinda, inashinda kwelikweli, na ukiwa mfua jezi unakaa ofisi moja na makocha masaa mengi kuliko hata wachezaji wenyewe, unasikia kila kitu.

Sasa cheki benchi lenyewe lilivyokuwa. Kocha mkuu. Msaidizi mmoja wa kudumu, mwenye mshahara. Msaidizi wa muda, huyu mchana anauza bima, jioni anakuja mazoezini na tai bado iko shingoni. Mzee mmoja mwalimu mstaafu, anajitolea tu. Na sisi mameneja. Basi, hamna mwingine. Ukiangalia Divisheni ya Kwanza kwenye TV utaona watu wamejipanga mpaka safu ya pili, kuna wa video, kuna wa data, kuna wa lishe, huku chini msaidizi huyohuyo mmoja ndo anapekua wapinzani, anapiga simu kwa wazazi wa watoto anaotaka kuwasajili, anaagiza piza za kwenye basi, na usiku wa theluji anakaa anaomba mechi isiahirishwe kwa sababu kubadilisha hoteli ni kazi yake pia.

Kilichonishangaza ni namna walivyogawana vitu. Sizungumzii kusaidiana, kusaidiana kila mtu anasaidiana. Nazungumzia umiliki. Difensi ilikuwa ya yule msaidizi wa kudumu, yaani ni yake kabisa, drili anapanga yeye, sheria za nani amsaidie nani mpinzani akipita anaandika yeye, na ikiitwa taimauti shida ikiwa ni difensi, kocha mkuu anatoka kwenye kile kiti cha katikati anampisha, jamaa anakaa anaongea yeye na mkuu anasimama nyuma kama sisi wengine tu. Yule mzee mwalimu alikuwa na mipira ya kuingiza, ile ya kutoka pembeni na ya chini ya goli, hicho tu, ana daftari lake limechoka lina michoro ya miaka na miaka, na sekunde nne zikibaki mpira wa kwetu, wote tunamgeukia mzee. Muuza bima alikuwa na mabigi, wale warefu wa ndani.

Kwenye kupekua wapinzani ndo utaona zaidi. Vyuo hivi ratiba inabana, mfano ligi ya NESCAC walipo kina Amherst na Williams kuna wikiendi nyingi unacheza Ijumaa usiku na Jumamosi mchana timu mbili tofauti, hamna siku katikati ya kujiandaa, kwa hiyo mtu mmoja hawezi kuzibeba zote. Mnagawana. Kwetu wasaidizi walikuwa wanagawana wapinzani kuanzia mwanzo wa msimu, huyu chukua hawa, wewe chukua wale, na ukipewa timu ni yako, unaangalia video zake zote, unajua gadi wao, yule anayeongoza mpira, akienda kushoto hapigi shuti, anatoa pasi tu, unajua kocha wao akikunja ngumi wanacheza nini. Halafu unawaletea wachezaji ukurasa mmoja. Mmoja tu! Hawa watoto wana mitihani ya kemia kesho yake, ukiwapa kurasa kumi wanazikalia kwenye basi.

Kuna wiki moja mkuu na msaidizi wake walibishana ofisini mlango umefungwa, na mlango wenyewe mbao nyepesi, tunasikia. Mkuu alitaka wapinzani wakiweka skrini, yaani mtu anasimama kumzibia njia anayemkaba mwenzake, difensi yetu ibadilishane watu, msaidizi anasema hapana, senta wao atamla gadi wetu pale chini, yeye ameangalia video, mkuu hajaangalia. Wakapandishiana sauti. Mwisho mkuu akasema sawa, hawa ni wako, amua wewe. Wakaenda na mpango wa msaidizi na tukafungwa, tena kwa skrini hizohizo. Kwenye chumba cha kubadilishia mkuu akawaambia wachezaji mpango ulikuwa wangu, mnilaumu mimi, akafunga mjadala. Na mechi ya marudiano aliyepanga difensi alikuwa msaidizi yuleyule. Ukiwa kocha unasoma hapa, hiyo ndo bei ya kumpa mtu kitu kiwe chake, siku kikiharibika unakibeba wewe, na kesho yake humnyang'anyi. Makocha wengi sehemu ya kwanza wanaiweza, ya pili inawashinda.

Wala sio timu yetu tu. Mchukue kocha Bo Ryan, alivyokuwa Wisconsin-Platteville, chuo cha mji mdogo kabisa, alibeba ubingwa wa Divisheni ya Tatu mara nne, 1991, 1995, 1998 na 1999, na hiyo 1995 na 1998 hakufungwa hata mechi moja. Mwaka 1993 akamvuta kwenye benchi kijana anaitwa Greg Gard, mwanafunzi wa palepale, basketi ya chuo hajawahi kucheza, alikuwa anafundisha timu za watoto wa shule za maeneo yale. Ryan akahamia Milwaukee 1999, Gard yumo. Akaenda chuo kikuu cha Wisconsin pale Madison 2001, Gard yumo. Desemba 2015 Ryan anastaafu katikati ya msimu, anayekabidhiwa timu ni Gard, na baadaye timu yake ikashika nafasi ya juu ya Big Ten, ligi ya Divisheni ya Kwanza, 2020 na 2022. Yaani mtu asiyewahi kuvaa jezi ya chuo anafundisha moja ya ligi ngumu kuliko zote Marekani. Kwa hiyo we unayeniambia "sijacheza", sikuelewi.

Ben McCollum naye, alianza kama msaidizi anayesoma masters palepale Northwest Missouri State alipochezea, akaenda kuwa msaidizi Emporia State, akarudi kama kocha mkuu 2009. Misimu miwili ya mwanzo alifungwa mara nyingi kuliko alivyoshinda, watu wanasahau hii. Halafu ubingwa wa Divisheni ya Pili 2017, 2019 (38 kwa sifuri, aisee), 2021, 2022. Alivyohamia Drake, chuo cha Divisheni ya Kwanza, 2024 akabeba wachezaji wake wanne wa Divisheni ya Pili na wakakifunga chuo kikuu cha Missouri kwenye mashindano makubwa ya Machi ya divisheni hiyo. Chuo kikimvumilia kocha, na kocha akiwavumilia watu wake, kuna vitu vinaota.

Rudi kwako sasa, mdogo wangu unayetaka kuingia. Usiende kwa kocha ukamwambia "nataka kujifunza ukocha". Kila mtu anataka kujifunza. Wewe chunguza ni kitu gani kwenye lile benchi hakina mwenyewe, halafu kaombe hicho. Timu ndogo ina vitu kibao vimelala hivyo kwa sababu watu ni wachache. Kwetu hakuna aliyekuwa anaandika ishara za mikono za makocha wapinzani, nikaanza mimi, nikikaa na daftari mwisho wa benchi, kapiga kichwa wakacheza hivi, kavuta sikio wakacheza vile, usiku nalinganisha na video. Mwanzoni hakuna aliyeniomba wala aliyeyasoma. Ilipofika marudiano ya ligi nikawa naulizwa mimi, na bado jezi nafua vilevile.

Au angalia Grinnell kule Iowa, wale waliojengewa mfumo na kocha David Arseneault, wanabadilisha wachezaji watano kwa mpigo kila baada ya muda mfupi na wanapiga mashuti kama wamerogwa, ndo walewale ambao Jack Taylor alifunga pointi 138 mechi moja Novemba 2012. Watu wanaona vurugu tu ila chini yake kuna hesabu: mashuti 94 kwa mechi, nusu yake ya pointi tatu, mpinzani apoteze mpira mara 32, ribaundi wapate theluthi moja ya mashuti waliyokosa wenyewe, na mashuti yao yazidi ya mpinzani kwa 25. Sasa hizo namba lazima kuna mtu anazihesabu mechi ikiendelea. Mimi mfumo wenyewe siupendi, naona basketi inageuka mbio za vijiti, ila kazi ya yule mhesabuji ningeichukua hata kesho.

Na nyie makocha wa nyumbani, mko peke yenu na kipenga, mnasajili wenyewe, mnakusanya nauli wenyewe, kila timu ina mshkaji mmoja au wawili wanakuja mazoezini kila siku wanakaa tu pembeni. Mpe huyo mipira ya kuingiza. Mwingine mpe kurekodi mechi na simu halafu akate klipu sita, sio kumi na sita, awaonyeshe mabigi. Ila ukishampa usimsahihishe mbele ya wachezaji, hatarudi.

Mambo ya mwisho ni ya kiutendaji. Mwandikie kocha msaidizi, sio mkuu, mkuu barua pepe hasomi. Andika kuanzia mwezi wa nne hadi wa nane, mazoezi rasmi yanaanza Oktoba na ukiandika Novemba umeshachelewa, wamo kwenye basi. Andika mistari mitano, taja kitu kimoja ulichokiona kwenye mechi zao na useme utafanya nini, weka klipu uliyokata mwenyewe. Ukiwa na viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, chuo kikiamua kukulipa inahesabika kama kazi ya ndani ya chuo, mwisho ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, kwa hiyo kama tayari unafanya kazi maktaba zijumlishe zote, na kabla hujasaini chochote, hata kama wanakuambia ni ya kujitolea tu, pita ofisi ya wanafunzi wa kimataifa uwaulize. Kocha hizo sheria hazijui, msimuulize yeye.