Dhamana ya maisha, maisha ya nani?

Swali lenu la wiki hii limenikuta pabaya. Mmeuliza kama vifaa vya mkono vya siku hizi vimeshuka ubora na kama dhamana zake bado zina maana yoyote, na mimi nimelisoma nikiwa na racheti mbili mezani, zile spana zenye gia ndani unazokazia nati kwa kwenda na kurudi, moja nzima, nyingine nimeipasua tumbo naisafisha, kwa hiyo mtanivumilia nikiwa mrefu. Niseme mapema kwamba swali la ubora sitalijibu vizuri, maana kilichoniuma mimi sio racheti kufa. Chuma ni chuma, kinachoka. Kilichoniuma ni kaunta.

Racheti yenyewe ilikuwa ya nusu inchi, mpini una raba, na kwenye boksi lake imeandikwa kwa herufi kubwa DHAMANA YA MAISHA. Siku hiyo nafungua bolti ya injini maunti, kile kishikio cha injini, imekula kutu miaka na miaka, nimeinama juu ya injini naivuta kuja kwangu. Ikagoma. Nikaongeza nguvu. Ikalia kak! nikafurahi nikajua imeachia, kumbe iliyoachia ni racheti yenyewe, kale kaulimi ka ndani kanakong'ata meno ya gia kameruka, mkono ukaenda wote mpaka kwenye ukingo wa bati na ngozi ya vifundo viwili ikabaki huko huko. Anayefanya hii kazi anayajua hayo maumivu, hata kelele hupigi, unatulia kwanza unahesabu vidole.

Haya, nikasema si ina dhamana bwana. Nikaenda nilikonunua.

Kijana wa kaunta akaipokea vizuri tu, akaizungusha, ikawa inateleza pande zote kama feni. "Kweli imekufa hii mzee wangu. Risiti unayo?" Nikamwambia ninayo, nikaitoa kwenye waleti kwa mbwembwe maana mimi ni mtu wa kutunza risiti. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma. "Mbona nyeupe?" Nami nikaitazama, nyeupe pe kama karatasi ya kuvutia sigara. Zile risiti hazina wino, karatasi inabadilika rangi kwa joto, kwa hiyo ukiikalia kwenye mfuko wa nyuma au ukiiacha ndani ya gari juani maandishi yanakwenda zake. Sasa nielezeni, unampa mtu dhamana ya maisha halafu ushahidi wake unampa kwenye karatasi isiyomaliza hata miaka miwili? Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyesahau daftari.

Mara ya pili nikaenda na taarifa ya benki inayoonyesha malipo. Sasa ikawa taarifa inatosha ila jambo lenyewe liko juu ya uwezo wa duka, nijaze fomu kwenye mtandao, niweke picha tatu na namba iliyoko kwenye boksi. Boksi nimelitoa wapi mimi, nani anatunza boksi la racheti? Nikajaza hivyo hivyo, ikaja baruapepe ya kunishukuru, ikaja nyingine ya kuniambia nisubiri, halafu ikaja moja yenye maneno mawili tu ya maana: "uchakavu wa kawaida". Na ndani yake kuna kiunganishi cha masharti, nikayasoma yote kwa hasira, na pale ndipo nikajua kwamba "maisha" yaliyoandikwa kwenye boksi sio maisha yangu, ni maisha ya kifaa, na maisha ya kifaa ni muda ule ambao mtengenezaji anaona kingefaa kudumu. Yaani kikifa, maisha yake yameisha, na dhamana nayo imeisha. Nilicheka peke yangu.

Hapo ndipo huwa nawakumbuka wale wa Craftsman. Maduka ya Sears yalianza kuuza vifaa kwa jina hilo mwaka 1927 kule Marekani, na kwa vifaa vya mkono sifa yao ilikuwa moja, spana ikikatika peleka kaunta yoyote ya Sears, huulizwi risiti, unapewa nyingine unaondoka. Watu walikuwa wanapeleka spana za babu zao. Lakini na wao, jina liliuzwa kwa Stanley Black & Decker, watengenezaji wengine wa vifaa, mwaka 2017, na Oktoba 2018 Sears wenyewe wakaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Dhamana haikufutwa, ila maduka yakawa yanafungwa moja baada ya jingine, na dhamana bila kaunta ni karatasi. Ukitaka kaunta ya kweli inabidi uilipie: wale Snap-on wanaotembelea gereji na magari yao, fundi anabadilishiwa kifaa mlangoni kwake, lakini lile gari na dereva wake vimo ndani ya bei uliyolipa siku ya kwanza. Hakuna zawadi hapo, umenunua spana mbili ukapewa moja.

Mara ya tatu nikaenda kwa shari. Nimejipanga maneno njia nzima. Kijana yule yule, akaichukua racheti akaiinua kwenye taa, akaangalia mwisho wa mpini pale kwenye raba, akapitisha kidole gumba polepole. Halafu akashusha sauti, kwa heshima kabisa, "Mzee wangu, hii alama ya duara huku mwisho, sio ya paipu kweli?"

Sikuliandika hilo hapo juu mkaona. Ndiyo, nilikuwa nimechomeka kipande cha paipu. Mpini ni kama sentimita 25, na paipu nilikuwa nashikia kwenye 75 hivi, kwa hiyo nguvu ile ile ya mkono inafika kwenye kale kaulimi mara tatu. Na vijana wangu nawafokea kila siku, racheti ni ya kukimbiza nati iliyokwisha kuachia, ya kuvunjia kutu ni ule mpini mrefu mtupu usio na gia ndani. Nawafokea kabisa. Siku ile mpini mrefu ulikuwa upande wa pili wa gari na mimi nilikuwa mvivu wa kuzunguka.

Nilinyamaza. Yule kijana naye akanyamaza. Halafu akaenda ndani akanitolea mpya, hajaandika popote, akaniambia "ila nenda nayo taratibu". Sasa mimi ndio nalalamika hapa kuhusu huduma! Kusema kweli nilipoanza kuandika nilitaka niwachambe watu, na bado ile risiti nyeupe na zile baruapepe siwasamehei, lakini mtu aliyenisaidia mwishoni alinisaidia kwa kuvunja utaratibu wa kampuni yake, na mimi nilisaidiwa bila kustahili.

Turudi kwenye ubora basi, kidogo tu. Watu wakiona imechongwa Chrome Vanadium wanaridhika, wakati hayo maandishi yanakutajia mchanganyiko wa chuma tu, hayakwambii kilipikwaje. Chuma hicho hicho ukikitia maji kikali mno bila kukirudisha kwenye moto wa wastani kinakuwa kigumu lakini kinakatika kama biskuti, ukikirudisha kupita kiasi kinakuwa laini, mdomo wa spana unafunguka. Hicho huwezi kukiona dukani kwa macho. Na koleo la kufuliwa na la kumimina yakishapakwa kromu yanafanana kabisa mpaka siku ya kubana kitu kigumu. Kwa hiyo takataka zipo, tena nyingi, na zinauzwa kwa majina tuliyokuwa tunayaamini. Vise-Grip, lile koleo la kujifunga, lilibuniwa na William Petersen na likatengenezwa miaka mingi pale De Witt, Nebraska, mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2008 na kazi ikahamishiwa China. Jina likabaki lile lile. Sisemi China hawawezi, wanatengeneza chochote utakachowaagiza kwa kiwango utakacholipia, tatizo ni yule anayeagiza.

Lakini vya zamani navyo tunavisifia mno. Vibovu vya enzi hizo vilishatupwa na kuyeyushwa, tunavyovishika leo ni vile vilivyosalimika. Hii racheti yangu ya zamani niliyoachiwa na fundi aliyenifundisha kazi ina meno 24, yaani lazima uusogeze mpini digrii 15 ndipo ing'ate jino linalofuata. Mpya ina meno 72, digrii 5 tu inang'ata. Kwenye sehemu finyu, mpini unacheza upana wa vidole viwili, ile ya zamani ni pambo. Hata soketi za siku hizi, zile boksi spana za kuchomeka kwenye racheti, za kampuni zinazojiheshimu, zinakamata nati kwenye ubavu badala ya kwenye kona, nati haichubuki kona ovyo kama zamani. Nani aliwahi kufungua nati iliyoliwa kona enzi zile bila kutukana?

Kitu ambacho ya zamani inaishinda mpya ni skrubu mbili. Ukizifungua kifuniko kinatoka, unauona ulimi, springi na gia, unafuta uchafu, unapaka grisi kidogo, ulimi ukiisha unaweka mwingine. Hiyo imefunguliwa mara ngapi sijui, na hakuna siku iliyopelekwa kaunta. Mpya imepigwa rivet, kile kipini cha kugongelewa kisichofunguka. Wangeniuzia ulimi na springi peke yake ile dhamana yao wangekaa nayo, ningejirekebishia mwenyewe jioni ile ile na kijana wa watu asingepata kazi ya kunifichia aibu.

Kwa hiyo jibu langu, kama mnataka jibu: ubora umeshuka, na mimi nikitoka kesho nanunua mpya. Ya meno mengi, yenye skrubu za kufungulia, na kabla ya kulipa naomba nionyeshwe ulimi wa akiba, wakinishangaa naondoka. Risiti naipiga picha pale pale. Isipokuwa nyundo na patasi, hizo natafuta za zamani, na msiniulize kwa nini maana sina hoja, ni mkono tu umezoea. Na kama ni kifaa cha kutumia mara moja kwa mwaka nyumbani nunua chochote, usijitese.

Ya zamani ningekuwa nimeshaifunga saa hizi, ila springi imeruka tangu nipo kwenye habari ya risiti na bado sijaiona. Nimeinua kila kitu mezani. Sasa natafuta sumaku nipitishe sakafuni.