Mgonjwa aliyepandikizwa moyo: msimsubiri alalamikie kifua

Wadogo zangu watarajali mnaoanza zamu hapa Moshi, mgonjwa aliyepandikizwa moyo mtamwona kwa nadra. Anaweza kuwa Mtanzania aliyetibiwa nje, au mgeni aliyekuja kupanda mlima: Mmarekani Kelly Perkins alifika kileleni Kilimanjaro mwaka 2001 akiwa na moyo aliopandikizwa 1995.

Shikeni hili kwanza. Moyo ukipandikizwa, mishipa yake ya fahamu huwa imekatwa. Kwa hiyo mishipa ya damu ikiziba, wengi hawasikii maumivu ya kifua. Anakuja akisema, "Daktari, nachoka tu, ngazi zinanishinda." Huyo asiandikiwe vitamini akarudi nyumbani. Mapigo 90 hadi 110 akiwa ametulia ni kawaida yake, na yakishuka sana msitegemee atropini, dawa ya kuharakisha mapigo.

Ugonjwa wenyewe unaoziba mishipa ya moyo uliopandikizwa si ule wa mafuta kuganda mahali pamoja mliouzoea. Kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani wa mishipa, utando unanenepa pande zote, mshipa unasinyaa urefu wake wote hadi vijitawi. Ndiyo maana stenti, kijibomba cha kupanua mshipa, mara nyingi haifui dafu, na anjiografia, picha ya mishipa ya moyo, inaweza kuonekana safi ilhali ugonjwa umeshaanza. Miaka 10 baada ya upandikizaji, karibu nusu ya wagonjwa wanao. Haukuanza jana: Philip Blaiberg, aliyepandikizwa Cape Town Januari 1968, aliishi zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na alipofariki mishipa ya moyo ule ilikutwa imeharibika vibaya.

Ninalowasihi zaidi ni dawa. Mwambieni amwage mfuko wake wa dawa mezani, msome kila boksi. Rifampisini ya kifua kikuu hushusha takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiukatae moyo, kwenye damu, mwili ukaukataa moyo. Klarithromaisini, dawa ya kuua bakteria, huipandisha, figo zikaumia. Statini, dawa za kushusha lehemu, msimwachishe eti kwa kuwa lehemu iko sawa, maana ndiyo inayopunguza kasi ya ugonjwa huu. Kabla ya kuongeza hata kidonge kimoja, pigeni simu hospitali iliyompandikiza. Mwombeni namba mgonjwa mwenyewe au ndugu zake. Na akija na uchovu huo, miguu imevimba au mapigo yanakwenda ovyo, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) zifanyike siku hiyohiyo, na rufaa ya kwenda JKCI, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam ianze kuandaliwa kabla hamjakabidhiana zamu.