Muulize Shangazi: Majani yanapopukutika, nifurahie nini?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa Mwanza, nina miaka 26, na huu ni mwaka wangu wa pili hapa Leicester, Uingereza. Nahudumia wazee, zamu ya usiku. Mwaka jana ilipofika Oktoba nilijifungia ndani: natoka kazini asubuhi nalala, naamka giza limeshaingia. Wenzangu wanasema haya ndiyo majira mazuri kuliko yote. Mimi sioni uzuri wowote. Wewe umekaa huku miaka mingi, hivi unafurahia nini?
Msomaji, Leicester

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole na zamu za usiku. Nami nilizifanya miaka sita, najua kitanda kinavyokuita ukivua tu viatu. Ndiyo maana naanzia hapo: usiende kulala moja kwa moja. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na baada ya hapo jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mwanga wako wewe ni wa asubuhi. Shuka basi kituo kimoja kabla, utembee.

Mimi nilikuwa nikipitia Abbey Park, kando ya mto Soar. Asubuhi moja nikakuta watoto wameinama kwenye majani wanaokota kitu, wanakiita konka. Nikaokota na mimi. Gamba la kijani lenye miiba, limepasuka kidogo. Nikalibandua kwa kidole gumba: ndani ngozi nyeupe, laini, na katikati yake mbegu ya kahawia, bado ina unyevu, inang'aa kama kiti cha mninga kilichopigwa vanishi jana. Palepale nikamwona marehemu baba yangu, barazani Pangani, na komwe zake za bao. Wiki ile niliokota mpaka zikatimia 64. Nikachora mashimo 32 kwa chaki kwenye kipande cha mbao, na Jumamosi nikamfunga mume wangu mara mbili. Mng'ao wake hufifia baada ya siku chache, na usizile kabisa, zina sumu. Lakini kila mwaka naokota upya.

Kingine ni Belgrave Road. Wahindi wengi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 walihamia mji huu, na baadhi ya wazee wao wanakisema Kiswahili mpaka leo. Kuna mzee wa duka la mboga, kila nikiingia na koti langu huniuliza, "Baridi kali leo, mama?" Kulisikia neno hilo kwa Kiswahili, nimeshika mihogo mkononi, kunanipa joto mpaka nyumbani. Ikifika Diwali barabara yote huwashwa taa. Pita jioni, kabla ya zamu.

Na maboga! Halloween ni tarehe 31 Oktoba. Siku inayofuata madukani yanashushwa bei. Yale makubwa ya rangi ya chungwa, ya kuchonga, yana maji mengi na utamu mdogo. Tafuta lile la ganda la kijivu lenye ubuluu kwa mbali. Nyama yake ni kavu, inakaribia boga la kwetu. Likate vipande, lichemshe na maji kidogo, chumvi na iliki, kisha tia tui zito mwishoni na usikoroge sana lisije likavurugika. Dirisha la jikoni litajaa mvuke. Mimi huandika hapo jina la mjukuu wangu kwa kidole, nikaliangalia likichuruzika huku futari inatokota.

Kuhusu afya, ushauri unaotolewa hapa ni mikrogramu 10 za vitamini D kila siku, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi ni mwaka mzima. Ukiona unyonge hauondoki wiki baada ya wiki, mwone daktari, mwanangu, usisingizie baridi.

Ila kwanza nenda bustanini kesho ukitoka zamu. Zikitimia 64 niandikie. Upangaji wenyewe wa bao si mgumu: kila mchezaji anaweka 6 kwenye nyumba, yaani shimo lake kuu, 2 shimo linalofuata, 2 jingine, na 22 zinabaki mkononi.