Jibu: Lazima uanzie uhakimu ndipo ufike Mahakama ya Juu?

Ndugu, umeuliza kama mtu lazima aanze na uhakimu wa wilayani ndipo afike Mahakama ya Juu ya Uganda. Hapana. Katiba ya 1995 inamkubali jaji wa Mahakama ya Rufani au Mahakama Kuu, na pia wakili mwenye miaka 15 ya kazi. Tume ya Utumishi wa Mahakama inapendekeza, Rais anateua, Bunge linaidhinisha. Hilo ni jepesi.

Mtazame marehemu Profesa George Kanyeihamba, mzaliwa wa Kanungu. Alifundisha sheria, akawa waziri na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, akakaa katika bunge lililotunga Katiba hiyohiyo. Mwaka 1997 akateuliwa jaji wa Mahakama ya Juu. Nikiri, mwanasiasa kuvaa joho la jaji lilinitia shaka wakati ule.

Kisha ikaja kesi ya uchaguzi wa 2006, Besigye, mgombea wa upinzani, akipinga ushindi wa Rais Museveni. Tulikuwa kwenye kibanda cha chai hapa Bombo, redio imefunguliwa kwa sauti ya juu, mzee mmoja akihesabu majaji kwa vidole: wanne wakakataa kufuta uchaguzi, watatu wakataka ufutwe. Kanyeihamba alikuwa miongoni mwa wale watatu. Waziri wa zamani wa serikali ileile! Chai yangu ilipoa.

Alistaafu 2009, alipofikisha 70, ukomo wa umri kwa majaji wa ngazi hiyo. Wa Mahakama Kuu hukomea 65.