Daktari Anajibu: Kivimbe cha Milimita 8

SWALI: Daktari, ninaandika kutoka Kadutu, Bukavu. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 54, alipitishwa kamera kwa njia ya haja kubwa kwa sababu ya bawasiri iliyokuwa ikitoa damu, ndipo wakakuta kivimbe cha milimita 8 kwenye rektamu (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana), wakakitoa. Majibu yanasema ni uvimbe wa neuroendokrini. Wajomba wanasema kansere hiyo humwachia mtu miezi sita, na kaka zangu wanatafuta mnunuzi wa kiwanja ili apelekwe India. Mama atabaki nasi muda gani?

JIBU: Dada yetu, katika yote uliyoyaandika sioni popote pa kutoa hiyo miezi sita, na kiwanja kisiuzwe kwa sasa. Saratani ya kawaida ya rektamu huanzia kwenye utando wa ndani. Hii, ambayo ni adimu, huanzia kwenye seli zinazotengeneza homoni, na mara nyingi hukua polepole, hata wengi hugunduliwa nayo kwa bahati, kama mama, walipokuwa wakitafutiwa ugonjwa mwingine.

Jambo linalotabiri zaidi ni ukubwa. Uvimbe usiofika milimita 10, ambao haujaingia kwenye msuli wa ukuta wa rektamu, ni nadra kusambaa, na miongoni mwa wagonjwa ambao ugonjwa wao haujatoka rektamu, zaidi ya 90 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka mitano. Kati ya milimita 10 na 20 ndipo madaktari hubishana kuhusu tiba. Ukizidi 20, mara nyingi umekwisha kufika kwenye tezi za limfu au ini, na hapo hesabu ya miaka hubadilika kabisa.

Hata hivyo milimita peke yake hazitoshi. Katika karatasi ya majibu tafuteni mstari wa Ki-67, yaani asilimia ya seli zinazoendelea kugawanyika: chini ya 3 ni daraja la kwanza, 3 hadi 20 ni la pili, na zaidi ya 20 ni la tatu, ambalo ndani yake mna aina kali inayohitaji dawa za kemo mapema na ambayo huenda ndiyo wajomba waliisikia. Tazameni pia kama seli zimeingia kwenye mishipa ya damu au ya limfu, na kama kingo za kipande kilichokatwa ni safi. Kingo zikiwa na seli za uvimbe, daktari atarudi kukata pale pale. Skana na IRM, yaani vipimo vya picha za ndani ya mwili, hutegemea majibu haya. Kuzilipia kabla ya kuyajua ni kupoteza fedha ambazo huenda zikahitajika baadaye.

Karatasi nyingi hazina mstari huo wa Ki-67. Yenu ikiwa hivyo, msikubali mama apitishwe kamera upya kwa ajili hiyo tu: kipande chake kiligandishwa ndani ya nta, na kwa kawaida maabara hukihifadhi kwa miaka. Mwombeni daktari aliyekitoa aagize kikatwe tena na kupimwa, au kitumwe kwenye maabara nyingine yenye kipimo hicho, hata ikiwa nje ya mji.