Kaa kwa Fundi Kwanza: Ushauri kwa Anayeanza Baiskeli Kisumu

Kila mwaka, mvua za masika zinapopungua, hunijia watu wawili watatu wakiniomba niwasaidie kuchagua baiskeli. Wengi wao huja tayari na pesa mfukoni na picha kwenye simu, nami huwajibu wote jibu moja: usinunue mwezi huu. Tafuta fundi wa baiskeli aliye karibu na nyumbani kwako, mwombe ruhusa ukae kwenye benchi lake Jumamosi nne, umshikie spana, umchotee maji ya beseni, na utazame kila baiskeli inayoletwa pale pamoja na mwenyewe anayeileta. Jumamosi hizo zikiisha utajua unachokihitaji, na mara nyingi hakitakuwa kile kilicho kwenye picha.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilianza kinyume. Baiskeli yangu ya kwanza niliipata kazini, nilipokuwa mhudumu wa afya ya jamii wa kujitolea upande wa Nyando, nami niliiendesha miezi saba bila kujua lolote kuihusu zaidi ya kujaza upepo. Siku moja pedali ya kushoto ikaanza kucheza. Nikaazima spana kwa jirani, nikaikaza kuelekea kulia kama mtu anavyokaza parafujo yoyote, na kadiri nilivyokaza ndivyo ilivyozidi kutoka. Ilipotoka kabisa nikairudisha kwa nguvu, nikailazimisha izunguke upande uleule, hadi hesi za ndani ya krenki, ule mkono wa chuma unaoshika pedali, zikasagika. Nikaikokota hadi kwa mzee mmoja mwenye kibanda karibu na soko la Kibuye, ambaye vijana wote wa pale walimwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo. Aliipokea, akaingiza kidole kwenye tundu la krenki, akakizungusha taratibu, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ni nani aliyekuambia pedali zote mbili hukazwa upande mmoja?"

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Pedali ya kulia hukazwa kwa kufuata mishale ya saa na ya kushoto hukazwa kinyume chake, nayo imefanywa hivyo makusudi ili mwendo wa miguu usije ukaifungua safarini. Njia rahisi ya kukumbuka ni hii: simamisha spana wima juu ya ekseli ya pedali, kisha isukume kuelekea gurudumu la mbele, na upande wowote ulio, hapo unakaza. Krenki mpya ilinigharimu pesa ya unga wa majuma mawili. Nilipomaliza kulipa, nikaomba kama ningeweza kurudi Jumamosi ili nikae tu nitazame. Jaduong' alisogeza kopo la gololi lililokuwa kwenye benchi, akanionyesha pa kukaa.

Kazi ya kwanza utakayoiona hapo ni pancha, nayo usiidharau kwa sababu ndiyo itakayokufuata maisha yako yote barabarani. Tazama jinsi mzee anavyovuta tyubu nje upande mmoja bila kung'oa gurudumu, anavyoijaza upepo, kisha anavyoizamisha kwenye beseni kipande kwa kipande huku akiipitisha vidoleni. Povu jembamba likipanda, hutia alama hapo, hukausha kwa kitambaa, kisha husugua kwa msasa hadi mahali pale papoteze mng'ao. Hupaka gundi nyembamba, na baada ya hapo hufanya jambo ambalo anayejifunza hulikosa kila mara: hungoja. Kiraka hubandikwa gundi ikiwa imekauka kiasi cha kutonata kidoleni. Mimi nilibandika viraka vingi gundi ikiwa mbichi, nikajisifu kwa wepesi wangu, na viraka hivyo vikaniachia njiani jua lilipowaka. Tena, kabla ya kurudisha tyubu, mzee hupitisha vidole ndani ya tairi lote, polepole, kwa maana mwiba au kipande cha waya kilichotoboa kwa kawaida bado kipo palepale, na asiyekitafuta atarudi na pancha nyingine kabla hajafika nyumbani.

Baada ya pancha, anza kutazama baiskeli zenyewe. Nyingi zitakuwa zile nyeusi nzito ambazo kote Kenya huitwa Black Mamba, zenye uzito wa takriban kilo 20, gia moja, magurudumu ya inchi 28, na breki za vyuma virefu badala ya waya. Hesabu spoki zake. Kwa desturi ya kale ya baiskeli hizi, iliyotoka Uingereza na kuendelezwa India, gurudumu la mbele lina spoki 32 na la nyuma lina 40, na sababu utaiona mwenyewe pindi mteja atakapofika na gunia la mahindi kwenye keria: uzito wote uko nyuma. Angalia pia breki hizo. Vipande vya mpira huvutwa juu vikagusa upande wa ndani wa ringi, na ringi ikilowa, breki hupungua nguvu sana. Ndiyo maana mwenye Black Mamba aliyezoea huanza kushika breki mapema mvua inaponyesha, akaiacha ringi ijipanguse mizunguko michache kabla hajahitaji kusimama. Anayetoka kwenye baiskeli ya kisasa hujifunza jambo hili kwa kuingia mtaroni.

Wenye Black Mamba ndio walimu ambao wageni wengi huwapita bila salamu, na kosa hilo linaniuma. Baiskeli katika sehemu hii ya nchi ina historia yake yenyewe, haikuletwa juzi na watu wa mazoezi. Neno boda boda, ambalo leo limeshikwa na pikipiki katika Afrika Mashariki yote, lilizaliwa kwenye mpaka wetu na Uganda, Busia na Malaba, ambako vijana wa baiskeli walibeba watu na mizigo katika eneo lililo kati ya vituo vya nchi mbili, wakiwaita abiria kwamba wanatoka boda hadi boda. Mimi mwenyewe, nikiwa mdogo, nimepelekwa ng'ambo juu ya keria yenye mto wa sponji, mama ameketi upande mmoja kwa heshima, nami nimepakatwa mapajani mwake, na kila tulipokaribia shimo alimwambia mwendeshaji, "Kijana wangu, polepole, nina mtoto." Kodi ya pikipiki ndogo ilipoondolewa mwaka 2008, abiria wengi walihamia huko. Hata hivyo baiskeli hazikutoweka: mkate wa asubuhi, maziwa, makaa, viti vya plastiki na magunia ya sukuma bado hupita Kondele na Kibuye juu ya magurudumu mawili bila injini.

Mwombe mmoja wa hao akuonyeshe anavyofunga mzigo. Utaona kwamba kilicho kizito hukaa chini na karibu na kiti, si mwishoni mwa keria, kwa sababu uzito ukivutwa nyuma ya ekseli hulifanya gurudumu la mbele liwe jepesi na usukani huanza kuyumba. Utaona pia kwamba hatumii kamba bali blada, yaani mikanda iliyokatwa kutoka kwa tyubu kuukuu, inayovutwa hadi ikaribie kukatika, ikazungushwa, na ncha ikafichwa chini ya mzunguko wenyewe bila fundo. Kamba hulegea mzigo unapotikisika, ilhali blada huendelea kuvuta. Nimesafiri mbali na mizigo yangu ya kambi nikiwa na mifuko ya kisasa, na bado ndani ya begi langu mna blada mbili.

Aina ya pili utakayoiona kibandani ni Buffalo, baiskeli inayosambazwa na World Bicycle Relief, shirika lililoanzishwa mwaka 2005, nayo hutumiwa sana na wanafunzi, wakulima na wahudumu wa afya. Keria yake imeundwa kubeba kilo 100. Breki ya nyuma imo ndani ya kitovu cha gurudumu na hushika unapokanyaga kinyume, basi anayeipanda mara ya kwanza aifanyie mazoezi uwanjani, kwa sababu mwenye mazoea ya kurudisha pedali nyuma ili kupanga mguu atajikuta amesimama ghafla. Wasichana wengi nilioendesha nao baiskeli walianza na hii. Nakumbuka njia za Nyando ambako msichana juu ya baiskeli alisimamisha mazungumzo ya watu wazima, na nimefurahi kuona jinsi mshangao huo ulivyopungua kila shule ilipopata baiskeli zake. Dada yangu unayesoma haya, kama kuna anayekutazama vibaya, mpite tu ukimsalimu.

Aina ya tatu ni zile nyembamba za mashindano na zile za milimani zenye gia nyingi. Najua ndizo zilizowavuta wengi wenu, na sioni ubaya. Baada ya Biniam Girmay wa Eritrea kushinda jezi ya kijani ya Tour de France, ile ya mwenye pointi nyingi, mwaka 2024, na baada ya Kigali kuandaa mashindano ya dunia ya barabarani Septemba 2025, ya kwanza katika ardhi ya Afrika, niliulizwa kuhusu baiskeli za mbio kuliko wakati mwingine wowote. Sisi wa Bonde la Ufa na magharibi tuna jina letu pia: Suleiman Kangangi wa Eldoret, nahodha wa Team Amani, timu ya waendesha baiskeli wa Afrika Mashariki, aliyefariki Agosti 2022 katika mbio za njia za changarawe jimboni Vermont, Marekani. Alitaka vijana wa Afrika Mashariki wapate mbio za kushindania hapahapa kwao, na yeyote anayeanza mchezo huu katika eneo letu anapaswa kulijua jina lake. Lakini ukinunua baiskeli hiyo, kumbuka kwamba tairi jembamba na mashimo ya barabara za mtaani hazipatani, na kwamba mnyororo wake huchakaa upesi kuliko ule mnene wa Black Mamba. Upime kwa rula: pingili 12 kamili za mnyororo mpya (kila moja ni kipande cha ndani na cha nje pamoja), kutoka pini hadi pini, ni inchi 12; pini ya mwisho ikivuka alama hiyo kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, ubadilishe, la sivyo utakula meno ya gia zote na gharama itakuwa mara kadhaa.

Kuhusu mavazi sina mengi. Kofia ngumu vaa, taa nunua, mengine yatakuja.

Kuhusu urefu wa kiti nina neno moja, kwa maana magoti mengi huumizwa hapo. Kaa kitini, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuegemea upande. Ukianza kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, nayo ndiyo hali unayoitaka. Waendeshaji wengi wa mjini hushusha viti ili miguu yao iguse chini wanaposimama kwa ajili ya abiria, na wao wana sababu yao. Wewe usiyebeba abiria huna sababu hiyo, basi usiwaige.

Kwa safari za mwanzo, Kisumu imebarikiwa. Mji uko mita takriban 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kuelekea mashariki uwanda wa Kano umelala tambarare hadi Ahero kwenye mashamba ya mpunga. Ukishazoea, panda kuelekea Maseno, ukafike kwenye mstari wa ikweta kando ya barabara ya Busia. Kilima hicho kitakufundisha kupumua. Ukihamia Nakuru, ambako kimo kinakaribia mita 1,850, jipe majuma kadhaa kabla ya kujilaumu kwa uchovu, kisha nenda Hell's Gate karibu na Naivasha, mbuga inayoruhusu baiskeli, ukapite kati ya pundamilia na twiga bila kioo wala mlango kati yenu.

Katika uwanda wa Kano jihadhari na mambo mawili. La kwanza ni udongo mweusi. Ukilowa, hunata kwenye matairi na kujaa chini ya madigadi hadi magurudumu yakatae kuzunguka, na nimeona watu wazima wakiibeba baiskeli begani kilomita nzima. Mvua ikinyesha usiku, kesho yake kaa kwenye lami, hata kama jua limetoka.

La pili ni upepo. Asubuhi hewa hutulia, nawe utafika Ahero ukidhani miguu yako imepata nguvu mpya. Mchana nchi kavu inapopata joto, upepo huvuma kutoka ziwani kuja bara, na anayerudi Kisumu saa nane huukabili usoni njia nzima. Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, unywe chai Ahero, na saa nne uwe umeshageuza usukani. Mkichelewa, pangeni mstari mmoja, kila mtu nyuma ya gurudumu la mwenzake, aliye mbele akikata upepo kwa dakika chache kisha akisogea pembeni na kurudi nyuma. Aliye mbele huita kwa sauti kila anachokiona: shimo, tuta, mbuzi; aliye nyuma kabisa huita gari. Kama ni safari yako ya kwanza, kaa wa pili katika mstari, ambako upepo ni mdogo na sauti ya wa mbele unaisikia vizuri, na usitazame gurudumu lake bali mabega yake, kwa sababu mabega hugeuka kabla ya gurudumu.