Maswali yenu: Nyundo

Wiki iliyopita niligusia vifaa vya seremala, nanyi mkaishikia nyundo. Haya, twende.

Kwa nini watangazaji huiita West Ham "Wagonga Nyundo"? Ni kwa sababu ya hiyo "Ham"? (Msomaji, Tandika)

Hapana, ingawa kwenye kibanda umiza cha mtaani kwangu jibu hilo lingepita bila kupingwa. "Ham" ni jina la kale la mahali, mashariki mwa London. Nyundo zimetoka kazini. Mwaka 1895 kiwanda cha kuunda meli cha Thames Ironworks kilianzisha timu ya wafanyakazi wake, na nyundo mbili zilizopishana kwenye nembo ni zile za kugongea ribiti za mabamba ya meli. Jina la West Ham United lilikuja 1900. Waingereza husema "Nyundo" basi. Aliyeongeza "wagonga" ana sikio zuri la Kiswahili: nyundo haichezi mpira, anayecheza ni mwenye kuishika.

Nyundo kwenye nembo ya taifa ina maana gani? (Mbagala)

Mtazame tena Bibi na Bwana wetu. Kilichopishana na jembe pale ni shoka. Jembe na nyundo ni alama ya CCM, chama kilichozaliwa 5 Februari 1977: jembe la mkulima, nyundo ya mfanyakazi. Wasovieti nao walikuwa na nyundo, ila yao iliambatana na mundu.

Neno "nyundo" ni la Kiarabu kama "msumari"? (Ilala)

Msumari, ndiyo. Nyundo ni Kibantu halisi: Mnyarwanda husema *inyundo*, Mchewa husema *nyundo* kama sisi. Kwa hiyo pale Keko, fundi akipigilia kitanda, Kibantu kinakigonga Kiarabu kichwani mchana kutwa.

Fundi wangu wa huko ana nyundo ya makucha ambayo kichwa kimeanza kucheza. Jioni huilaza kwenye ndoo ya maji, mpini unavimba, asubuhi kichwa kimebana. Siku mbili tatu mbele kinalegea tena, naye anairudisha kwenye ndoo. Nimemshauri anunue mpini mpya. Anacheka.

Mwanangu amefundishwa "malleus". Kwa Kiswahili je? (Kigamboni)

Nyundo hiyo hiyo. Ni mmoja wa mifupa mitatu midogo ya sikio la kati: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku hapa ni kile cha kukanyagia mpanda farasi. Mwambie mapema, asije akafikiria cha mguuni kwa shangazi yake.

Ile nyundo ya riadha mbona haifanani na nyundo? (Ubungo)

Kweli. Ni tufe la chuma, waya na kishikio, kilo 7.26 kwa wanaume, 4 kwa wanawake. Yuriy Sedykh aliirusha mita 86.74 mwaka 1986.

Kuna ndege mwenye kichwa kama nyundo. Anaitwaje? (Kinyerezi)

Fundichuma. Ni wa rangi ya kahawia, hupenda kando ya maji, na kishungi chake kimelala nyuma kama upande wa pili wa nyundo. Makaburu walimwita *hamerkop*, kichwa-nyundo, wakaishia hapo. Waswahili wakampa ufundi kabisa. Chuma chenyewe hakigusi: hujenga kwa vijiti na tope, kiota chenye paa, kinachoweza kuzidi upana wa mita moja.